Habari za Tarumbeta na Mafundi Wake



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za tarumbeta. Pengine mtu atauliza, je, hakuna jambo kubwa zaidi la kuandika? Lakini huku kwetu Kaniha, katika Wilaya ya Biharamulo, jambo hili limekuwa kubwa tangu masika. Limeingia katika baraza la wazee, limeingia hata jikoni, na ndugu watokao pande za Ngara hutuambia kwamba kwao pia lazungumzwa.

Kundi letu la wapigaji lina tarumbeta sita, tromboni mbili na besi kubwa moja. Vyote ni vitu vya kupewa, na vingine vilikwisha kupigwa na watu wengi kabla ya kufika mikononi mwetu. Kwa miaka mingi vimetuamsha alfajiri ya Pasaka, vimewaingiza maarusi kanisani, vimewasindikiza wafu wetu kaburini. Sasa vinne havitoi sauti. Pistoni zimekwama, viungo vimeachana, na tarumbeta moja imebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Basi vijana wameleta shauri la kununua mpya. Baadhi yao wataka nyingi za bei rahisi, zile zitokazo katika viwanda vikubwa vya ng'ambo, zilizolazwa katika sanduku lenye kitambaa chekundu. Wengine wataka moja tu, lakini iwe ya fundi mwenye jina. Na mama zetu wauliza kama fedha hiyo isingefaa zaidi kuezeka nyumba ya mjane.

Vijana hao huzungumza sana habari za mafundi. Wakiisha mazoezi ya Jumamosi hawaendi nyumbani upesi, hukaa wakahojiana ni nani ajuaye kufua shaba, na tarumbeta ya nani ina sauti laini, na ya nani ni kelele tupu. Huyataja majina ya Bach na Besson na Monette kama baba zao walivyotaja majina ya ng'ombe wao. Wazee wengine huwacheka, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyepata kuishika tarumbeta ya Monette. Sisi hatuwacheki. Kijana aulizaye kitu chake kimetengenezwa na nani, na kwa nini, ameanza kufikiri vizuri. Ila twataka swali hilo alifuate mpaka mwisho wake.

Tuanze na Maandiko. Mkifungua kitabu cha Hesabu, sura ya 10, mtaona Musa akiamriwa habari za tarumbeta mbili za fedha. Angalieni mambo mawili. La kwanza, aliamriwa azifanyize, nazo ziwe kazi ya kufuliwa kwa nyundo. Basi palikuwa na fundi kule jangwani, mtu aliyekaa hemani pamoja na wengine, akala mana pamoja nao, na tarumbeta ikibonyea safarini palikuwa na mtu wa kuinyosha. La pili ni kazi yake: kuwakusanya watu, kuwaambia wang'oe kambi, kuwaonya vitani, na kufurahi siku za sikukuu. Hapana neno lolote pale juu ya sifa za mpigaji.

Na wazee wetu kabla ya Injili kufika, hawakuwa watu wasiojua jambo hili. Watu wa pwani walikuwa na mbiu, yaani pembe ya nyati, na baragumu. Tena walikuwa na siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ni ya shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa, nazo zimehifadhiwa Kenya hata leo. Haikupigwa ovyo siwa. Ilipigwa katika mambo ya utawala na katika arusi za watu wa nyumba kubwa, na aliyeisikia alijua ya kuwa mji mzima waitwa.

Katika nchi za maziwa, kwa jirani zetu wa Rwanda na Ankole, na kule Bunyoro, palikuwa na makondere ya wafalme. Huko Bunyoro na Ankole walichukua vipande vya vibuyu, wakaviunganisha kimoja ndani ya kingine, wakavifunika kwa ngozi ya ng'ombe. Ajabu yake ni hii: kila kondere hutoa sauti yake moja tu, basi. Mtu mmoja peke yake hawezi kupiga wimbo. Mwenye sauti ya juu hungoja, mwenye sauti ya chini huingia, wa tatu hujibu, na wimbo huzaliwa katikati yao, wala hakuna awezaye kusema, Wimbo huu ni wangu. Walimu wa kuimbisha, twawaombeni mwaeleze watoto jambo hili shuleni, maana ni afadhali kuliko mahubiri mengi juu ya umoja.

Tarumbeta za shaba zilifika kwetu kwa njia nyingi. Kule Freretown, karibu na Mombasa, mahali CMS walipowaweka watu waliokombolewa utumwani tangu miaka ya 1870, palikuwa na bendi. Na Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, nao ni watu ambao tangu karne ya 18 wana desturi ya kwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza siku ya Pasaka, wakiwa na vyombo vya shaba. Na katika mkoa wetu huu wa Kagera, wamisionari wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910.

Hapa twapenda kukaa kidogo, kwa sababu Bethel ni mahali pa kujifunza. Ni mtaa wa mji wa Bielefeld, Ujerumani, ulioanza mwaka 1867 kuwa makao ya wagonjwa wa kifafa. Katika vijiji vya kando ya mji huo watu walikuwa wakulima na wafumaji wa kitani, wala si matajiri. Mwaka 1843, katika kijiji cha Jöllenbeck, Wakristo walifanya kundi la tarumbeta, nalo lilikuwa mojawapo ya makundi ya kwanza ya namna hiyo. Kisha akatokea mchungaji Eduard Kuhlo, na mwanawe Johannes, aliyezaliwa mwaka 1856. Johannes Kuhlo alikuwa akiwalea mashemasi wa Bethel tangu mwaka 1893, naye alipenda tarumbeta kuliko chakula.

Kuhlo alifanya mambo mawili yaliyowasaidia wanyonge. Katika bendi za askari kila chombo huandikiwa noti zake mbali, maana noti aionayo mpiga tarumbeta si ile isikiwayo na watu. Imepandishwa daraja moja. Kwa sababu hiyo kitabu cha mpiga kinanda hakimfai mpiga tarumbeta, na kila kundi lahitaji vitabu vyake, na vitabu ni fedha. Kuhlo akasema, wote na wasome noti moja, kama ziandikwavyo kwa kinanda. Ndipo mfumaji akaweza kuketi karibu na kinanda cha kanisa, akasoma kitabu kile kile cha nyimbo. (Sisi tulioifundishwa do-re-mi shuleni hatuwezi kujua vema ukubwa wa msaada huo, maana do-re-mi yetu huhamia popote bila gharama.)

La pili, hakupenda sauti kali ya vitani. Alitaka chombo kiimbe kama mtu. Basi alishauriana na fundi mmoja wa Bielefeld jina lake David, na katika karakana yake vikatengenezwa vyombo vya umbo la yai, vyenye sauti ya upole, ambavyo hata leo vyaitwa kwa jina la Kuhlo. Twawaomba vijana wetu walitazame jambo hili. Fundi huyo hakuwa mbali. Alikuwa mjini mwao. Mpigaji aliweza kwenda kwake kwa miguu, akamwambia, Sauti hii yaniumiza masikio, ipunguze. Na fundi akaipunguza.

Yatupasa pia kusema ukweli wote. Katika uzee wake Kuhlo alikuwa mfuasi wa chama cha Hitler, akampigia tarumbeta mtu yule aliyeijaza dunia machozi. Alikufa mwaka 1941, vita vikiendelea. Hatuandiki haya ili kumtukana maiti. Twaandika kwa sababu mtu aweza kuwa na sikio jema kwa sauti ya shaba, asiwe na sikio kwa kilio cha jirani. Kazi ya mikono yake twaipokea kwa shukrani, siasa yake twaikataa. Hata hivyo makundi yale hayakufa pamoja naye. Mwaka 2016 wapigaji zaidi ya 15,000 walikusanyika katika mji wa Dresden, wazee kwa watoto, wakapiga pamoja.

Sasa tuseme juu ya ufundi wenyewe, maana wengi wadhani tarumbeta hutoka kiwandani kama chupa. Shaba ya tarumbeta ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ukiinyosha tarumbeta ya kawaida, bomba lake lote ni karibu mita moja na nusu. Mpigaji hatii sauti ndani yake; midomo yake hutetemeka, na hewa iliyo ndani ya bomba hutetemeka pamoja nayo. Zamani bomba lilikuwa na noti chache tu, kama mbiu. Mwaka 1818, huko Prussia, Stölzel na Blühmel walipata hati ya serikali kwa ajili ya uvumbuzi wa vali; na mwaka 1839 Périnet wa Paris akatengeneza pistoni za namna tuzionazo leo. Kila pistoni ikibonyezwa hufungua kipande kingine cha bomba, bomba likawa refu zaidi, na sauti ikashuka. Ya pili hushusha hatua ndogo moja, ya kwanza mbili, ya tatu tatu. Ni hesabu tu, na mtoto wa darasa la nne aweza kuielewa.

Ule mdomo mpana wa mbele ndio umwoneshao fundi. Fundi wa mkono hukata bati la shaba, akalikunja, akaliunga kwa moto, kisha akaligonga kwa nyundo juu ya chuma. Shaba ikigongwa huwa ngumu, ikizidi kugongwa hupasuka. Basi huna budi kuirudisha motoni ilainike, ukagonga tena, ukairudisha tena. Na akitaka kulipinda bomba bila kulikunja vibaya, hulijaza risasi iliyoyeyuka au lami. Wengine hulijaza maji ya sabuni wakayagandisha yakawa barafu. Akiisha kupinda huyeyusha kilichomo na kukitoa. Sisi tuliposikia habari ya barafu tulishangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Vincent Bach, ambaye vijana humtaja sana, alizaliwa Austria mwaka 1890, akasomea uhandisi, akawa mpiga tarumbeta. Mwaka 1918, huko New York, alianza kutengeneza vile vipande vidogo viwekwavyo midomoni, wala si tarumbeta. Tarumbeta zake zilianza mwaka 1924. Aliiuza kazi yake mwaka 1961, na jina lake lingaliko. David Monette, wa Marekani, alianza mwaka 1983, na Wynton Marsalis amepiga tarumbeta zake katika mataifa mengi. Ni mafundi wa kweli, wala hatusemi neno juu yao. Lakini tarumbeta moja ya Monette yapita bei ya pikipiki kadhaa, na pistoni yake ikikwama hapa Kaniha, Monette hatapanda basi kuja Biharamulo.

Na zile za bei rahisi je? Hizo nazo tumezijaribu. Tulipewa moja na mtu mwenye moyo mwema, ikang'aa Krismasi nzima, na kabla ya Kwaresima viungo vyake viliachana. Tulipotaka kuiunga, shaba yake ilikuwa nyembamba mno, ikatoboka chini ya moto. Tarumbeta yetu ya zamani, ambayo hakuna ajuaye umri wake, imeungwa mara nyingi, na kila mara imekubali.

Kuna habari nyingine ambayo twaipenda, nayo yatoka kusini, pande za Ziwa Nyasa. Wakati wa vita vya 1914–1918 na baada yake, ngoma ya beni ilienea katika nchi yetu nzima, vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi na gwaride. Wamisionari wengi waliichukia, na twakiri ya kuwa ilikuwa na majivuno yake. Lakini kule ziwani watu walitamani sauti ya bendi na shaba hawana. Basi walichukua vibuyu, wakatoboa tundu, wakaufunika utando mwembamba wa buibui juu yake, wakaimba ndani. Utando ukatetemeka, na kibuyu kikalia kama tarumbeta. Vyombo hivyo huitwa malipenga, na wachezaji wa mganda hucheza navyo wakijipanga safu safu. Kila kijiji chaweza kuwa na fundi wake, maana kibuyu chaota shambani na buibui hadai ujira.

Basi turudi kwenye shauri letu. Mwezi wa tatu tulimzika mzee aliyepiga besi kubwa katika kundi letu tangu ujana wake. Siku ile mvua ilinyesha, na besi yake ilikuwa imelala katika chumba cha vyombo, haitoi sauti, ina ufa shingoni. Tuliimba kwa midomo. Wimbo ulikuwa mzuri, lakini kila mtu alisikia mahali palipo patupu chini ya sauti nyingine, kama nyumba isiyo na msingi. Mzee huyo alikuwa amewapigia wazazi wetu walipozikwa.

Baraza lilipokutana kusema habari ya ununuzi, vijana walisema kwa maneno mazuri, wakataja majina ya mafundi wote. Kisha mjane wa mzee yule akaomba ruhusa. Nyumba iliyotajwa habari za kuezekwa ilikuwa yake yeye. Alisema, “Baba zangu, na ninyi wanangu, paa langu lavuja, nami nashukuru mmelikumbuka. Lakini msiniwekee paa na besi katika mizani kana kwamba ni adui. Besi ile mzee aliipaka mafuta ya cherehani yangu kila Ijumaa kwa miaka yote. Mimi siombi mpya. Naomba mtu aiunge, ili nami siku yangu isiwe kama yake.”

Baraza likanyamaza. Kijana mmoja, ambaye ndiye aliyeshikilia sana habari za Bach, akainama chini.

Sisi tulisema shauri letu siku ile, nasi twalisema tena hapa kwa faida ya makanisa mengine. Kabla ya kununua, tafuteni fundi aliye karibu. Mtasema hakuna fundi wa tarumbeta. Ni kweli, lakini yuko mtu auungaye redieta za magari, na redieta nyingi za zamani ni shaba kama tarumbeta, na kuungwa kwake ni kule kule kwa risasi laini, kwa moto mdogo. Yuko fundi baiskeli ajuaye kunyosha chuma bila kukivunja. Hao hawajui noti, lakini wajua madini. Nanyi mwajua noti. Mkae pamoja. Wala msimpe fundi chombo mkaondoka. Kaeni mwone afanyavyo, na mwe na kijana mmoja wa kundi aliyewekwa kwa kazi hiyo, ajifunze kwa mikono yake. Pistoni zisipakwe mafuta ya kula, ambayo huganda yakawa kama gundi. Mafuta mepesi ya cherehani yafaa. Maji ya mate yatolewe kila baada ya mazoezi, maana hayo ndiyo yalayo shaba kutoka ndani. Chombo kilazwe katika kitambaa, si juu ya saruji yenye unyevu. Haya ni madogo, lakini vyombo vyetu viwili kati ya vile vinne vilikuwa vimekufa kwa sababu ya haya madogo tu. Vililia tena baada ya kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Vijana waliuliza, je, tusitamani kamwe kitu kizuri? Tuliwajibu ya kwamba watamani, na wajifunze habari za mafundi wakuu wa dunia, maana ndiko kupata kipimo. Lakini waulize pia swali la Kuhlo kwa fundi wake David: nikiumizwa na sauti hii, nitamwendea nani?

Baraza lilikubali. Fedha kidogo ilitengwa kwa kuunga, na iliyobaki, pamoja na nguvu za vijana, ikaenda kwenye paa la mjane. Mabati yalikwisha kupigiliwa kabla ya mvua za vuli. Msichana mmoja wa darasa la kipaimara, mwenye mikono mitulivu kuliko ndugu zake, ndiye aliyechaguliwa kujifunza kuunga. Alikwenda mara tatu kwa fundi wa redieta, na mara ya tatu fundi alimpa yeye chuma cha kuungia, akasimama kando akitazama.

Ufa wa shingoni umezibwa. Pale palipobonyea ubavuni hawakuweza kupanyosha pote, kwa hofu ya kuitoboa shaba, basi pameachwa. Jumapili iliyopita besi ililetwa kanisani, akaipiga mjukuu wa mzee, mvulana ambaye pumzi yake haijatosha bado, na noti ya chini kabisa ilimshinda mara mbili. Mara ya tatu ikatoka. Bibi yake alikuwa ameketi safu ya pili upande wa wanawake, hakugeuka kumtazama, ila tuliona ameacha kuimba ili asikie.